Breki na Usukani wa Trekta la Chama: Marekebisho ya Kabla ya Msimu

Msimu wa kilimo unapokaribia, swali la kwanza linaloulizwa katika vyama vya msingi vyenye matrekta huwa ni juu ya injini. Ikiwa inawaka bila shida, haitoi moshi mweusi kupita kiasi, na plau lina sahani nzima, trekta huhesabiwa kuwa tayari na dereva hukabidhiwa orodha ya mashamba. Ni nadra kuulizwa kama trekta hilo laweza kusimama mahali linapotakiwa kusimama, na kama laweza kwenda kule linakoelekezwa. Hayo ni maswali ya breki na usukani, na katika vyama vingi hujibiwa siku ya ajali.

Sababu ya kusahauliwa kwake si ngumu kuelewa. Shambani trekta huenda polepole, udongo huyashika magurudumu, na plau lililo ardhini hufanya kazi ya breki. Trekta lenye breki mbovu laweza kulima msimu mzima bila dereva kuona upungufu wowote. Lakini trekta hilo hilo, jioni linapofungwa tela lililojaa magunia na kuanza kuteremka mlima kuelekea ghala la chama, huwa ni kitu kingine kabisa. Hapo hakuna plau la kulizuia. Kuna uzito unaolisukuma kutoka nyuma, kuna watoto na mifugo barabarani, na mara nyingi, kinyume cha kila onyo, kuna wanachama waliokaa juu ya mzigo.

Marekebisho ya breki na usukani hayahitaji mitambo ya gharama. Sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa na dereva mwenye uzoefu akisaidiwa na fundi wa chama, kwa jeki, spana, bisibisi, futi ya kupimia na nusu siku ya kazi. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu, na uamuzi wa viongozi kwamba kazi hiyo ifanywe kabla ya trekta kutoka.

BREKI ZA TREKTA SI KAMA ZA GARI

Yafaa ieleweke kwanza kwamba breki za trekta la kawaida la kilimo zimetengenezwa kwa namna ya pekee. Gari hushikwa na breki katika magurudumu yote manne. Matrekta mengi hushikwa katika magurudumu mawili ya nyuma tu. Zaidi ya hayo, kila gurudumu la nyuma lina breki yake na pedali yake. Massey Ferguson 135, aina iliyotoka kiwandani kuanzia miaka ya katikati ya 1960 na ambayo ilienea sana katika nchi za Afrika Mashariki, ni mfano mzuri: pedali mbili zimekaa sambamba upande wa mguu wa kulia, na kati yake kuna kifungio cha kuziunganisha ziwe kama pedali moja.

Kutenganishwa kwa pedali kuna faida yake. Mwisho wa tuta, dereva akikanyaga breki ya kulia peke yake huku amekata usukani kulia, gurudumu hilo husimama na trekta huzunguka katika nafasi ndogo. Faida hiyo hiyo ndiyo hatari kubwa barabarani. Trekta likiwa katika mwendo wa barabarani na breki ya upande mmoja ikashika peke yake, sehemu ya mbele hurushwa upande huo kwa ghafla, na trekta laweza kupinduka kabla dereva hajapata nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo pedali zifunganishwe kila mara trekta linapotoka shambani. Jambo hili halina udhuru wa safari fupi.

Hata hivyo, kuzifunganisha pedali hakutoshi. Kifungio huhakikisha kwamba pedali mbili zinashuka pamoja, lakini hakihakikishi kwamba breki mbili zinashika pamoja. Ikiwa breki ya kushoto imelegea na ya kulia imekazwa, dereva aliyezifunganisha pedali kwa uaminifu bado atakuwa amekanyaga breki ya kulia peke yake. Ndiyo maana usawa wa breki mbili ni jambo la kwanza katika marekebisho yote, hata kuliko nguvu zake.

UZITO WA TELA

Madereva wengi hupima breki za trekta likiwa tupu, kisha wakaziamini likiwa na tela. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kosa hilo. Trekta la tani 2 likivuta tela ambalo pamoja na mzigo wake lina tani 4, na tela hilo halina breki zake lenyewe, basi breki za trekta zinatakiwa kusimamisha tani 6. Kwa nguvu ile ile ya breki, umbali wa kusimama hukaribia mara tatu ya ule wa trekta likiwa peke yake. Penye mteremko huongezeka tena.

Mwendo nao una hesabu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaotumiwa na breki kusimamisha chombo huongezeka mara nne. Trekta lililosimama kwa mita 2 likienda kilomita 10 kwa saa, litahitaji kama mita 8 likienda kilomita 20 kwa saa. Juu ya hizo kuna umbali unaopita kabla ya mguu wa dereva kufika kwenye pedali: kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, trekta hupita zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde moja.

Kutokana na hesabu hizo, kanuni ya mteremko ni moja. Dereva achague gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, aiache injini ifanye kazi ya kuzuia mwendo, na atumie breki kwa kusaidia tu. Kuteremka gia ikiwa huru, au klachi ikiwa imekanyagwa, ni kuondoa nguvu ya injini na kuachia breki mzigo wote. Gia ikishaachwa huru katikati ya mteremko, mara nyingi haiingii tena. Kuhusu tela zito, lililo bora ni lile lenye breki zake lenyewe. Chama kinachonunua tela jipya kiliulizie jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Breki na usukani hutoa dalili mapema. Zifuatazo zisipuuzwe:

1. Pedali moja kushuka chini zaidi kuliko nyingine.
2. Trekta kuvuta upande mmoja dereva anapokanyaga pedali zilizofunganishwa.
3. Pedali kuwa laini kama sifongo katika matrekta yenye breki za haidroliki. Hiyo ni alama ya hewa ndani ya mabomba.
4. Harufu ya kuungua, au joto kali katika gurudumu moja la nyuma baada ya safari ambayo breki hazikutumika sana. Breki hiyo imekazwa mno na inaburuza.
5. Mafuta kuchuruzika upande wa ndani wa gurudumu la nyuma.
6. Usukani kuzunguka bila magurudumu ya mbele kufuata, au magurudumu hayo kutetemeka barabarani.
7. Matairi ya mbele kulika upande mmoja upesi.

Dereva ayataje haya kwa meneja siku ile ile anapoyaona, na yaandikwe.

MATAYARISHO YA KAZI

Ajali nyingine hutokea wakati wa kutengeneza chenyewe. Trekta liegeshwe mahali tambarare penye ardhi ngumu, injini izimwe, ufunguo utolewe, na chombo chochote kilichoinuliwa nyuma kishushwe hadi chini. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari za mti mbele na nyuma, kwa maana breki itaachiwa huru na haitazuia kitu. Gurudumu linaloinuliwa kwa jeki liwekewe stendi ya chuma au gogo imara chini ya ekseli kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Matofali yasitumiwe, kwani hupasuka bila kutoa onyo.

Tahadhari nyingine inahusu vumbi. Utando wa kushikia wa breki nyingi za zamani ulitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu, ikiwamo saratani, ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Haiwezekani kwa kutazama tu kujua kama breki fulani ina asbestosi au haina. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa pampu ya hewa wala kwa mdomo, na lisipigwe kwa brashi kavu. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa mbali na watoto.

KUREKEBISHA BREKI

Kazi huanzia kwenye pedali. Kila pedali ina mwendo mtupu, yaani sehemu ya kushuka ambayo mguu hausikii uzito wowote. Mwendo huo ni lazima uwepo. Usipokuwapo, breki huburuza mfululizo, huungua na kulika. Ukizidi, pedali hufika chini kabla breki haijashika. Kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha trekta na hutofautiana kwa kila aina. Katika matrekta madogo mengi ni kama sentimita 3 hadi 4. Kwa aina yoyote ile, pedali mbili ziwe na kipimo kimoja. Tofauti ikizidi nusu sentimita, marekebisho yafanywe.

Katika matrekta yenye breki za ngoma, ndani ya ngoma kuna viatu viwili ambavyo pedali ikikanyagwa hutanuka na kuisugua ngoma. Kadiri utando wa viatu unavyolika, ndivyo nafasi kati yake na ngoma inavyokua. Kurekebisha ni kuipunguza nafasi hiyo. Katika aina nyingi kuna tundu dogo kwenye bamba la nyuma ya ngoma, lililofunikwa kwa kizibo, na ndani yake kuna gurudumu dogo lenye meno. Kazi huenda hivi:

Kwanza, gia iwekwe huru na breki ya kuegeshea iachiwe. Gurudumu likiwa juu ya stendi, lizungushwe kwa mkono. Likiwa gumu kabla ya kuguswa chochote, breki hiyo imekazwa mno au kuna kitu kimekwama, na sababu itafutwe kwanza.

Pili, kizibo kiondolewe na gurudumu la meno lizungushwe kwa bisibisi, jino baada ya jino, mpaka gurudumu la trekta lisiweze tena kuzungushwa kwa mkono.

Tatu, meno yarudishwe nyuma moja moja hadi gurudumu lizunguke huru bila kusikika likisuguliwa. Idadi ya meno yaliyorudishwa iandikwe.

Nne, kazi hiyo hiyo ifanywe upande wa pili kwa idadi ile ile ya meno, kisha pedali zipimwe upya.

Tano, vizibo virudishwe. Tundu lililoachwa wazi huingiza maji na matope, na kazi yote huwa bure.

Aina nyingine za matrekta hurekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa fito linalotoka kwenye pedali kwenda kwenye breki. Nati ya kufungia hulegezwa, fito hufupishwa au kurefushwa mpaka mwendo mtupu wa pedali uwe sawa na ule wa kitabu, kisha nati hukazwa tena. Fundi asitumie fito kuficha ulegevu ulio ndani ya ngoma. Pale penye marekebisho ya namna mbili, ya ndani hutangulia na ya fito hufuata.

Matrekta mengi ya miaka ya karibuni yana breki za sahani zinazozama ndani ya mafuta ya ekseli. Hizo hulika polepole zaidi na haziharibiwi na matope, lakini hutegemea aina ya mafuta. Mafuta yasiyo ya aina iliyotajwa katika kitabu huzifanya zipige kelele na kushika kwa mitikisiko. Breki za haidroliki nazo hazitibiwi kwa nati ya pedali ikiwa tatizo lake ni hewa. Hewa hutolewa kwenye mabomba, na mahali ilipoingilia hutafutwa.

KUZIJARIBU

Breki zilizorekebishwa zisipelekwe barabarani kabla ya kujaribiwa. Uchaguliwe uwanja mpana ulio tambarare, mkavu, usio na watu, na trekta liwe peke yake bila tela. Dereva azifunganishe pedali, aende kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha akanyage. Trekta likisimama sawasawa, arudie kwa mwendo wa kasi kidogo. Katika udongo mkavu magurudumu huacha alama. Alama mbili zikiwa na urefu mmoja, breki ni sawa. Ya kulia ikiwa ndefu na ya kushoto fupi au haipo, ya kulia inashika zaidi.

Trekta likivuta upande mmoja, pedali zipimwe tena kwanza. Upande uliolegea ukazwe, au uliokazwa mno ulegezwe, jino moja tu kwa kila jaribio. Ikiwa vipimo vya pedali ni sawa na trekta bado linavuta, kosa si la marekebisho. Yawezekana mafuta yameingia katika utando wa upande mmoja, au utando wa upande huo umekwisha. Hapo ngoma haina budi kufunguliwa.

Breki kavu zikilowa maji kwa kuvuka mto hupoteza nguvu kwa muda. Dereva akishavuka aende polepole huku akikanyaga kidogo kidogo mpaka azisikie zinashika tena, na asifike penye mteremko kabla ya hapo.

USUKANI

Usukani hupimwa trekta likiwa limesimama na magurudumu ya mbele yameelekea mbele. Mtu mmoja auzungushe usukani kidogo kulia na kushoto, mwingine aangalie magurudumu. Umbali unaopita ukingoni mwa usukani kabla magurudumu hayajaanza kugeuka huitwa mchezo. Katika matrekta madogo mengi mchezo wa sentimita 2 hadi 5 unakubalika. Ukizidi, chanzo chake kitafutwe. Katika matrekta yenye usukani wa haidroliki, kipimo hiki kichukuliwe injini ikiwa inanguruma, na kiasi cha mafuta ya haidroliki kiangaliwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kosa la kawaida ni kukaza nati za sanduku la usukani mara tu mchezo unapoonekana. Mara nyingi mchezo hauko huko. Ekseli ya mbele iinuliwe kwa jeki na kuwekewa stendi, kisha kila gurudumu litikiswe kwa namna mbili. Lishikwe juu na chini: likicheza, beringi za gurudumu au kingpini zimelegea. Lishikwe mbele na nyuma: likicheza, vifundo vya mwisho wa fito za usukani, ambazo katika gereji nyingi huitwa tairodi, vimekwisha. Hivyo havikazwi, hubadilishwa. Pini kubwa ya katikati inayoishika ekseli nayo itazamwe, kwani ekseli inayocheza kwenye pini yake hulifanya trekta liyumbe hata kama vifundo vyote ni vipya.

Beringi za gurudumu hukazwa hivi: kifuniko huondolewa, pini ya kufungia hutolewa, na nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa mpaka lianze kuwa zito. Kisha nati hurudishwa nyuma hadi kwenye tundu la karibu la pini, na pini mpya hutiwa. Pini ya zamani isirudishwe, wala isibadilishwe na msumari. Gurudumu la mbele lililochomoka barabarani mara nyingi lilikuwa limeshikwa na msumari.

Baada ya ulegevu kuondolewa, hupimwa mwelekeo wa magurudumu. Magurudumu ya mbele hayakai sambamba kabisa. Kwa mbele hukaribiana kidogo zaidi kuliko kwa nyuma. Tofauti hiyo ni ndogo, katika matrekta madogo mengi kati ya milimita 2 na 8, na kitabu hutaja kipimo cha kila aina. Kupima ni rahisi. Trekta likiwa mahali tambarare, hutiwa alama ya chaki katikati ya kila tairi upande wa mbele, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, na umbali kati ya alama hizo hupimwa. Kisha trekta husukumwa mbele taratibu mpaka alama zile zile zifike nyuma kwa urefu ule ule, na umbali hupimwa tena. Kipimo cha pili kipungue kwa cha kwanza? Magurudumu yametanuka kwa mbele, na matairi yatalika upesi huku trekta likitangatanga barabarani. Marekebisho hufanywa kwa kulegeza nati za tairodi na kuizungusha. Trekta lenye fito mbili, kila upande na lake, fito zote hurefushwa au kufupishwa sawa kwa sawa, ili usukani ukate kwa kiasi kimoja kulia na kushoto.

Vyama vinavyobadilisha upana wa magurudumu ili kupalilia mazao ya mistari vina sababu ya ziada ya kukumbuka kipimo hiki. Kila upana ukibadilishwa, tairodi hubadilishwa urefu, na mwelekeo wa magurudumu hupotea usipopimwa upya.

Mwisho, upepo wa matairi mawili ya mbele uwe sawa, na chuchu zote za grisi zipigwe grisi mpaka ya zamani itoke pamoja na uchafu wake. Mchezo mwingi wa usukani huanza kwa chuchu moja iliyoziba kwa udongo na kuachwa.

MAREKEBISHO YANAPOKOMA

Kila marekebisho yana mwisho wake. Utando wa breki ulioliwa hadi misumari yake inagusa ngoma hauwezi kusaidiwa na jino la marekebisho, na ukiendelea kukazwa utaichimba ngoma, ambayo ni ghali kuliko utando. Utando uliolowa mafuta hauoshwi kwa petroli ukarudishwa. Mafuta huwa yamepenya ndani, na joto la kwanza huyatoa tena juu. Utando huo hubadilishwa, na sili ya ekseli iliyoyavujisha mafuta hubadilishwa siku hiyo hiyo, la sivyo utando mpya utalowa kama wa kwanza. Utando ubadilishwe pande zote mbili kwa pamoja. Utando mpya upande mmoja na wa zamani upande mwingine ni kununua kwa fedha ule ukosefu wa usawa ambao kazi yote ilikusudia kuuondoa.

Ni katika hatua hii ambapo viongozi wa chama hupimwa. Msimu umeanza, mvua zimenyesha, wanachama wamelipia ekari zao na wanangoja zamu. Dereva anasema breki ya kushoto haishiki. Ni rahisi kumjibu kwamba amalizie mashamba machache yaliyobaki, au aende polepole. Katika kulima kwenyewe huenda ni kweli kwamba hakutatokea lolote. Lakini kati ya shamba moja na jingine kuna barabara, na barabara ndiyo inayoua. Fedha zilizookolewa kwa kutonunua utando hazitoshi kulipia hata ekseli iliyovunjika, wala hazilinganishwi kwa namna yoyote na mtu aliyepondwa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Ili jambo hili lisitegemee kumbukumbu au tabia ya mtu mmoja, yafaa kila chama chenye trekta kiweke utaratibu ulioandikwa.

Dereva azijaribu breki kila asubuhi kabla ya kuondoka uwanjani, pedali zikiwa zimefunganishwa, na autazame usukani. Utingo ahakikishe kwamba pini ya tela imefungwa kwa kifungio chake, na kwamba hakuna mtu juu ya mzigo wala juu ya kiungo kati ya trekta na tela. Kila wiki chuchu za grisi zipigwe grisi na pedali zipimwe kwa futi. Kabla ya kila msimu marekebisho yote yaliyoelezwa hapa yafanywe na kuandikwa katika daftari la trekta: tarehe, saa za kazi zilizosomwa kwenye mita, kipimo cha kila pedali, kipimo cha mchezo wa usukani, na jina la aliyefanya kazi.

Meneja alisome daftari hilo na kulitia sahihi. Vipimo vikionyesha kwamba pedali inahitaji kukazwa mara kwa mara kuliko ilivyokuwa msimu uliopita, utando unakaribia kwisha, na fedha za kuununua zitengwe kabla haujakwisha. Bodi nayo ipitishe uamuzi mmoja ulio wazi na kuuandika katika kumbukumbu za mkutano: dereva anaposema breki au usukani haufai, trekta halitoki, wala hakuna kiongozi au mwanachama mwenye mamlaka ya kulitoa mpaka fundi alipitishe. Dereva asiye na kinga hiyo atatii amri atakayopewa, na ajali ikitokea lawama itamwangukia yeye.

Trekta la chama limenunuliwa kwa michango na makato ya mazao ya wanachama wengi, na hao hao ndio wanaolingojea mashambani na kupishana nalo njiani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa trekta ufa ni nafasi ndogo kati ya utando na ngoma, nayo huzibwa kwa bisibisi na nusu siku ya kazi, kabla ya mvua za kwanza.